Ardhi Haijapona Mpaka Wenyewe Waseme

Kila mradi mkubwa unaopasua nchi huisha kwa karatasi. Mkandarasi amefukia mtaro, amesawazisha udongo, amemwaga mbegu za nyasi, amepiga picha, na sasa anataka saini. Karatasi inasema ardhi imerejeshwa katika hali yake. Nina swali moja, nalo nitalirudia hata nikiwachosha watu: nani anashika kalamu?

Leo kalamu iko kwa mhandisi, kwa mshauri wa mazingira anayelipwa na mwenye mradi, na kwa afisa aliyefika kwa gari saa nne asubuhi na kuondoka kabla ya alasiri. Mfugaji ambaye ng'ombe wake watakula hapo au watapita wakinusa tu, mrina asali ambaye nyuki wake watarudi au watahama moja kwa moja, hao hupangwa mstari wa mbele kwenye picha ya pamoja. Kisha gari huondoka na vumbi lake.

Nazungumzia bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, kwa sababu ndilo lililo mbele yetu na kwa sababu muda haujatupita. Lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani mkoani Tanga. Kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, ndani ya mikoa 8: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa, mashirika ya mafuta ya serikali za Uganda na Tanzania yana asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China ina asilimia 8. Wabia walitangaza uamuzi wao wa mwisho wa kuwekeza Februari 2022, na kufikia mwaka 2025 kazi ilikuwa imevuka nusu. Mkuza wa ujenzi una upana wa mita 30.

Mita 30 ofisini ni kitu kidogo. Zizidishe kwa kilomita za upande wa Tanzania na utapata zaidi ya hekta 3,400 za ardhi iliyofyekwa, kukanyagwa na kuchimbwa, kabla hujahesabu kambi za wafanyakazi, barabara za kufikia kazi na vituo vya kusukuma mafuta. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni mashamba ya wakulima, na madai yao ya fidia yamesemwa na yanaendelea kusemwa. Mimi leo nasimama na wale ambao hawana shamba lenye mipaka ya kuonyesha mthamini: Waakie wa Kiteto wanaoishi kwa asali, mizizi na matunda ya porini, Wataturu wa Igunga, Wabarbaig, na Wamaasai wa nyika za Manyara na Tanga.

Kampuni ya bomba, katika nyaraka zake yenyewe, inayatambua makundi haya kuwa jamii zinazojitambulisha kama watu wa asili, na imesaini makubaliano na Waakie na Wataturu kwa msingi wa ridhaa ya hiari, ya mapema na yenye taarifa kamili. Hilo ni jambo kubwa, na ninalisema bila kinyongo. Miaka 40 iliyopita hakuna aliyefikiria kumuuliza Mtaturu chochote. Lakini ridhaa hiyo ni ya siku ya kuingia. Siku ya kutoka nani anaulizwa?

Serikali yetu ina jibu lake la siku zote kuhusu jina hili la watu wa asili: Watanzania wote ni wenyeji. Sina haja ya kugombania jina. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, wakati Kenya haikuegemea upande wowote, na Marekani, Kanada, Australia na New Zealand zilipinga. Kura hiyo imo kwenye kumbukumbu. Anayetaka kuwaita Waakie wanakijiji wa Kiteto na awaite hivyo, ili mradi awape kalamu.

Tuiangalie kwanza ardhi yenyewe, maana mjadala huu hupotea pale watu wanapozungumzia mazingira kwa jumla bila kuinama. Chimba shimo la nusu mita kwenye mbuga ya malisho. Juu kabisa utakuta udongo mweusi kidogo, uliofumwa kwa mizizi, wenye mbegu zilizolala, samadi iliyooza na njia za mchwa. Ni tabaka jembamba, mara nyingine halifiki urefu wa kiganja. Chini yake rangi inabadilika, udongo unakuwa mzito, mwekundu au wa kijivu, hauna mbegu na una uhai kidogo. Malisho yote yanakaa kwenye tabaka lile la juu. Likipotea, utasubiri kizazi kizima.

Ujenzi mzuri wa bomba unajua hili. Udongo wa juu unapaswa kukwanguliwa kwanza na kulundikwa upande wake, udongo wa chini upande mwingine, na wakati wa kufukia urudishwe kwa mpangilio ule ule. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakueleza. Shida ni kwamba kazi inafanywa na dereva wa tingatinga ambaye msimamizi wake anahesabu mita kwa siku. Jua linazama, marundo mawili yamekaribiana, mvua ya jana imeyachanganya. Kosa la dakika kumi linafunikwa kwa udongo, na jioni hiyo hakuna jicho litakaloliona tena. Litaonekana mvua za pili au za tatu, pale nyasi zitakapokataa kuota kwenye ukanda mmoja ulionyooka kama rula.

Halafu kuna uzito. Mashine zinazobeba vipande vya bomba zinapita mahali pamoja mara nyingi mno, na udongo wa chini unashindiliwa. Juu utamwaga udongo laini na utapendeza kwenye picha. Mvua ikija, maji yanashuka kidogo, yanagonga tabaka gumu, yanatafuta mteremko, yanaanza kukimbia. Udongo uliojazwa kwenye mtaro nao unatitia. Ukiwa na mstari mrefu uliotitia, wenye ardhi ngumu pembeni, umewachimbia watu mfereji. Miaka michache baadaye ni korongo, na ndama wanavunjikia miguu humo.

Mkaguzi anapima nini? Anapima asilimia ya ardhi iliyofunikwa na kijani. Na kijani kina hila zake. Gugu karoti ni kijani, linaota haraka kwenye udongo uliovurugwa, na mbegu zake husafiri kwa matairi ya magari ya ujenzi. Limekwisha kuwatesa watu wa Arusha: linawasha ngozi, linafukuza nyasi, na ng'ombe wakilazimika kulila, maziwa yanakuwa machungu. Mtu wa kwanza kugundua uchungu huo hawezi kuwa mshauri wa mazingira. Ni mwanamke wa Kimaasai anayekamua alfajiri na kuonja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mwanamke huyu hayumo kwenye fomu yoyote ya ukaguzi niliyowahi kuiona.

Anayedhani nazidisha chumvi aende Baringo, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa kupanda miti ulipeleka huko mti wa kigeni, *Prosopis juliflora*, ambao leo kila Mkenya wa maeneo makavu anaujua kwa jina la mathenge. Nia ilikuwa njema kabisa: kuzuia mmomonyoko, kuleta kuni, kurudisha uhai kwenye ardhi iliyochoka. Kwa vipimo vya waliouleta, mradi ulifaulu. Miti ilishika na kijani kikaongezeka. Kwa Wailchamus wa Marigat ilikuwa balaa. Mathenge ilifunga malisho na njia za maji, miiba yake ikatoboa kwato na miguu ya watoto, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi mpaka yakang'oka. Mwaka 2006 wananchi hao walikwenda mahakamani Nairobi, wakampeleka mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Fikiria jamii imefikishwa mahali pa kumbeba mbuzi kwa mamia ya kilomita ili wenye elimu wakubali kuona kitu ambacho mchungaji wa miaka kumi alikwisha kukiona. Laiti wazee wa Marigat wangekuwa na uwezo wa kukataa kusaini baada ya msimu wa kwanza, mathenge ingekuwa jaribio dogo kwenye kitalu.

Wabarbaig wana jeraha lao, na ni la hapa hapa nyumbani. Katika miaka ya 1970 serikali, kupitia shirika lake la kilimo na chakula, NAFCO, na kwa msaada wa Kanada, ilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye nyanda za Basotu, Hanang. Yalifika mashamba 7, karibu ekari 100,000. Basotu ilikuwa malisho bora kuliko yote ya Wabarbaig. Walilisha huko wakati wa mvua na kuondoka wakati wa kiangazi ili nyasi zipumzike. Mgeni alipofika kiangazi akaona nyika haina mtu, akaandika kwamba ardhi iko wazi. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaubatilisha ushindi huo.

Na matrekta yalilima makaburi. Mbarbaig mzee mwenye heshima huzikwa chini ya bung'eda, kilima cha udongo kinachojengwa kwa miezi mingi, ukoo mzima ukikusanyika. Dereva wa trekta aliona kichuguu. Alipita juu yake na majembe yake, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusimama mbele na kusema zima injini. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema uangalizi wa jamii ni pambo la kuwaridhisha wafadhili. Mtu mmoja tu wa ukoo ule, mwenye koti la kazi na haki ya kuinua mkono, angeokoa kitu ambacho fidia ya fedha haijui hata pa kuanzia kukithamini.

Kuna kichekesho kichungu katika neno wataalamu linavyotumika nchini mwetu, maana watu walioponya eneo kubwa la ardhi ya Tanzania hawakuwa na shahada. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa inageuka jangwa, baada ya miongo ya kukata misitu ili kuua mbung'o na kupanda pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulifanikiwa pale ulipoacha kuleta miche ya kigeni na kurudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili liwafae wakati wa ukame. Wenyeji walijua kipande kipi kifungwe, lini kifunguliwe, na mti upi utachipua wenyewe ukiachwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi. Na Kiteto yenyewe, wilaya ya Waakie, ina msitu wa Suledo, uliopewa jina kutokana na Sunya, Lengatei na Dongo. Wanavijiji walikataa serikali isiugeuze hifadhi yake, wakaulinda wao, zaidi ya hekta 160,000, na mwaka 2002 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Bomba linapita katika wilaya ya watu waliotuzwa duniani kwa kutunza ardhi, halafu sisi tunajadili kama wana sifa za kukagua nyasi!

Wapo watakaoniambia nitazame Kanada, nchi ile ile iliyofadhili ngano ya Basotu, kwamba wenzetu wamelimaliza suala hili. Nimetazama. Serikali ya Kanada ililinunua bomba la Trans Mountain mwaka 2018, na tangu 2017 kuna kamati ya pamoja ya mataifa ya asili na serikali, ambapo wakaguzi kutoka jamii hizo huongozana na wakaguzi wa mamlaka ya nishati kwenye mkuza. Wanavaa kofia ngumu, wanaingia eneo la kazi, wanaandika ripoti. Tungekuwa na hilo Igunga ningefurahi. Lakini angalia kilichotokea Pípsell, ziwa lililo karibu na Kamloops, mahali patakatifu kwa taifa la Stk'emlúpsemc te Secwépemc. Njia iliyokubaliwa ilikuwa kutoboa chini ya ardhi ili juu pasivurugwe. Mwaka 2023 kampuni ikasema miamba imekataa, ikaomba kuchimba mtaro wa wazi sehemu moja. Wenye ardhi walipinga kwa nguvu zote. Septemba mwaka huo mdhibiti akaruhusu mtaro. Macho yalikuwapo. Kalamu ilikuwa kwingine.

Huko huko Kanada, bomba la gesi la Coastal GasLink, lililopita ardhi ya Wet'suwet'en huku machifu wao wa urithi wakilipinga, lilitozwa faini mara kadhaa na serikali ya British Columbia kwa kushindwa kuzuia udongo kumomonyokea mitoni, zikiwemo dola 72,500 za Kanada Februari 2022, dola 170,100 Mei mwaka huo huo, na dola 340,000 Septemba 2023. Jumla ya hizo tatu haifiki dola 600,000, kwa mradi uliogharimu zaidi ya dola bilioni 14. Mkandarasi yeyote akipiga hesabu hiyo ataona kwamba faini ni nafuu kuliko kusubiri mvua ipite. Basi tusiige nusu ya kazi yao na kuita hiyo mafanikio.

Kwetu hali ni dhaifu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na inaruhusu amri ya kurejesha mazingira yaliyoharibiwa, lakini haimtaji mwanakijiji kama mtu ambaye bila saini yake kazi haijaisha. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, ambavyo kampuni kubwa hupenda kuvitaja navyo vinamtaka mwenye mradi afikirie kuwashirikisha wawakilishi wa jamii katika ufuatiliaji, pale inapofaa. Afikirie! Kuhusu udongo ambao watoto wa watu wataishi juu yake, eti kampuni ifikirie.

Ninachodai kinajulikana na kila anayejenga nchini. Ukijenga darasa la shule ya msingi kwa fedha za umma, mkandarasi halipwi zote siku ya kukabidhi funguo. Asilimia kadhaa huzuiwa, kwa kawaida 5 au 10, kwa kipindi cha uangalizi ambacho mara nyingi ni mwaka mzima, na ukuta ukipasuka anarudi kuuziba kwa gharama yake. Hakuna anayeliita hilo uadui dhidi ya maendeleo. Kwa nini ukuta wa darasa uwe na ulinzi ambao malisho ya Wataturu hayana? Fedha ya kurejesha ardhi izuiwe kwenye akaunti ambayo kampuni haiigusi, na itolewe kwa awamu kijiji baada ya kijiji, kwa saini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwaka mmoja hautoshi. Nyasi za nyika hazipimwi kwa mvua nzuri moja. Zinapimwa mwaka wa ukame, zikionekana zimeshika au zimeondoka. Miaka 5 ndiyo muda wa chini kabisa ambao mtu mkweli anaweza kuutaja.

Wakaguzi wachaguliwe na wananchi wenyewe mkutanoni, wakiwemo wanawake wanaokamua na wanaokusanya kuni na dawa, wakiwemo warina asali na vijana wachungaji ambao miguu yao inaujua mkuza kila siku ya Mungu. Posho yao itoke kwenye mfuko huo huo ulio nje ya kampuni, kwa sababu mtu hawezi kumkagua anayemlisha. Wawepo kabla ya tingatinga, waandike kilichopo kwa majina ya lugha yao, Kiakie, Kidatooga cha Wataturu na Wabarbaig, au Kimaa: nyasi ipi, mti upi, njia ipi ya mifugo, chumvi iko wapi, kaburi liko wapi. Bila kumbukumbu hiyo, siku ya mwisho kila mtu atabishana kuhusu hali ya zamani, na mwenye picha nyingi ndiye atakayeshinda. Pale ambapo bomba limekwisha kufukiwa bila kumbukumbu hiyo, ipo mita chache pembeni, kwenye ardhi ambayo haikuguswa. Wazee watembezwe huko na waandikwe leo. Na wakati wa kazi wawe na haki ya kuisimamisha wakiona udongo unachanganywa au kaburi linakaribiwa.

Hapo ndipo wakubwa hukunja uso. Wanasema huwezi kuuweka mradi wa mabilioni mikononi mwa mzee asiyesoma ramani. Nani amemwomba mzee akague uchomeleaji? Presha ya bomba ni ya mhandisi. Nyasi ni za mzee. Tena hili ndilo bomba refu kuliko yote duniani la mafuta yanayopashwa joto. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta, yanaganda, kwa hiyo lazima yasafiri yakiwa na nyuzi zaidi ya 50 za Selsiasi. Limevikwa vizuia joto na limefukiwa, sawa. Lakini hakuna mhandisi popote aliyewahi kuendesha la urefu huu, wala aliyeishi juu yake kiangazi hadi kiangazi. Watakaoishi juu yake ni hawa. Mradi wenye busara ungewabembeleza wawe macho yake.

Wanasema ratiba itavurugika. Mashine ikiharibika kazi husimama. Malipo ya benki yakichelewa kazi husimama. Mvua kubwa ikinyesha kazi husimama, na hakuna anayeishtaki mvua. Ni pale tu mama wa Kiakie anaposema mnachanganya udongo ndipo ratiba inageuka kuwa kitu kitakatifu. Wanasema wanakijiji watahongwa. Wengine watahongwa, naam, kama wanavyohongwa wenye tai. Tofauti ni kwamba afisa wa mjini akiuza saini yake harudi tena, na mwanakijiji akiuza yake anakunywa maji ya korongo lile na majirani zake wanamjua. Ripoti isomwe hadharani mkutanoni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyewe, wakaguzi wabadilishwe kila baada ya muda, na bei ya hongo itapanda mpaka imshinde mnunuzi.

Lipo na jambo ambalo karatasi zenyewe zinapaswa kulikiri. Juu ya bomba hairuhusiwi miti yenye mizizi mirefu wala majengo. Kwa hiyo mahali palipokuwa na mbuyu au mgunga mkubwa, hali yake ya awali haitarudi kamwe. Patabaki ukanda wa nyasi. Mthamini anajua bei ya mwembe. Bei ya mbuyu ambamo ukoo mmoja umerina asali kwa vizazi ataijulia wapi? Cheti kinachosema pori hilo limerejeshwa kinasema uongo kwa herufi kubwa na muhuri. Kisemwe ukweli: hapa tumechukua, haturudishi, na kama malipo tutaponya eneo jingine, ambalo Waakie wenyewe watalichagua na kulisimamia, kwa miti watakayoitaja wao.

Wabunge wa Manyara, Tabora, Singida na Tanga, hili ni lenu. Kanuni za ukaguzi wa mazingira hubadilishwa, na kifungu kinachotamka kwamba urejeshaji wa ardhi ya kijiji haukamiliki bila azimio la mkutano mkuu wa kijiji hakigharimu serikali hata shilingi. Kipelekeni Dodoma kabla mtaro wa mwisho haujafukiwa, kwa sababu mradi mwingine unakuja, na mwingine baada yake, na wote watachimba kwa mfano wa huu.

Na wewe mwenyekiti wa kijiji uliye kwenye mkuza, karatasi ikiletwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na imesawazishwa vizuri, usisaini. Waambie warudi mvua zikishaisha. Wakirudi, itisha mkutano mkuu, isome karatasi yote kwa sauti, uwaulize wanaokamua, wanaochunga na wanaorina asali. Wakisema bado, andika kwenye karatasi hiyo hiyo kwamba bado, gonga muhuri, na ubaki na nakala.